Watoto sita, Klebsiella mmoja? Kuchagua kipimo cha kufuatilia bakteria wa wodini

Tuseme ndani ya wiki mbili chupa sita za damu kutoka wodi ya watoto wachanga zimeotesha bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae. Muuguzi kiongozi anashuka maabara, anasimama mlangoni na glavu bado mfukoni.

"Kaka, huyu mdudu ni mmoja anazunguka, au kila mtoto kaja na wake?"

"Sista, antibiogramu zinafanana: wote ni sugu kwa dawa zilezile."

"Kufanana sawa. Lakini ni mmoja?"

Hapo ndipo maabara nyingi zinapokwama, na swali lenyewe si la kitaaluma tu. Akiwa mmoja, kuna mahali anatoka: mkono wa mtu, sinki, chupa ya maji ya oksijeni, kopo la maziwa. Wodi inasimamisha kupokea wapya na watu wanaingia kazini kutafuta. Wakiwa sita tofauti, kufunga wodi ni kuwasukuma akina mama wenye uchungu hospitali ya mbali bila sababu, na tatizo liko kwenye usafi wa kila siku na namna dawa zinavyotolewa. Vipimo vya kutofautisha hali hizi mbili vipo kadhaa, kila kimoja kina wauzaji wake na mashabiki wake. Nitavipitisha vyote kwenye vichupa vilevile sita.

Antibiogramu na daftari

Hiki unacho tayari, na hakiongezi gharama. Unapanga matokeo ya usugu wa dawa kando ya daftari la wodi: nani alilala kitanda gani, tarehe ngapi, nani alimhudumia, aliwekewa mpira gani wa mshipa. Mara nyingi daftari peke yake huonyesha kwamba watoto wanne kati ya sita walipita kwenye incubeta moja. Binafsi sijawahi kuona kipimo cha bei mbaya kilichofidia daftari ambalo halikujazwa.

Udhaifu wake ni kwamba wodi nzima inatumia dawa zilezile. Kila mtoto anaanzishwa ampisilini na jentamaisini, wakishindwa anahamia seftriaksoni, kwa hiyo bakteria wanaobaki hai ni wale wanaozihimili hizo hizo, hata kama hawana undugu wowote. Upande wa pili, ndugu wa damu wanaweza kuonekana wageni. Mmoja akipata plasmidi, kipande kidogo cha DNA kinachobeba jeni za usugu, antibiogramu yake inabadilika usiku mmoja ilhali bakteria ni yuleyule.

Na uotesho wa kawaida unaweza hata kukosea jina. Watafiti walichapisha mwaka 2011 habari ya mlipuko kwenye wodi ya watoto wachanga katika hospitali ya rufaa hapa Tanzania. Vimelea 17 kutoka damu za watoto vilidhaniwa kwanza ni Salmonella Paratyphi, bakteria wa homa inayofanana na taifodi, kwa sababu ya namna vilivyochachua sukari na kuganda kwenye seramu. Baadaye, vipimo vya jeni vilionyesha ni Enterobacter wa aina ambayo haikuwa imeelezwa kabla, akiwa na jeni ya usugu CTX-M-15. Mtu akiamini ni Paratyphi atakimbilia kutafuta maji machafu na wapishi wenye vijidudu tumboni. Jibu lilikuwa karibu zaidi: mdudu yuleyule alipatikana kwenye ndoo ya maziwa ya wodini, na sakafuni.

Jeli ya mistari

Waliounganisha damu za watoto na ndoo ile walitumia PFGE. DNA ya bakteria inakatwa kwa kimeng'enya mahali pachache, vipande vikubwa vinasukumwa ndani ya jeli kwa umeme unaobadilisha mwelekeo, na mwisho unapata ngazi ya mistari kwa kila kimelea. Unaweka ngazi kando kwa kando na kuhesabu. Vigezo vilivyotumika dunia nzima ni vya mwaka 1995: ngazi zikifanana kabisa, ni mmoja, zikitofautiana mistari 2 hadi 3, ni ndugu wa karibu, 4 hadi 6, huenda, 7 na kuendelea, hawahusiani.

Kwa miaka zaidi ya 20 hiki ndicho kilikuwa kipimo cha kuaminiwa. Mtandao wa Marekani wa kufuatilia magonjwa ya chakula, PulseNet, ulianza mwaka 1996 kwa jeli hii, kisha mwaka 2019 ukahamia kwenye kusoma jenomu nzima, yaani DNA yote ya bakteria. Je, ununue mashine ya PFGE leo? Hapana. Ukikuta ipo kwenye chuo cha jirani na mtu anayeijua bado yupo, itumie. Kwa vichupa vyetu sita itakupa jibu la maana ndani ya siku tatu au nne. Lakini ni kazi ya mikono mingi, jeli mbili za siku tofauti hazilinganishwi kirahisi, na ikikutana na ukoo ulioenea nchi nzima inapofuka. Nitarudi kwenye hilo la kupofuka.

Vinavyopita haraka

MLST inasoma vipande vya jeni 7 na kumpa bakteria namba ya ukoo, kama ST131 wa E. coli au ST258 wa Klebsiella. Jumla ni herufi za DNA kama 3,000 kati ya zaidi ya milioni 5 alizonazo Klebsiella. Ni sawa na kumtambua mtu kwa kabila lake. Inafaa kuzungumza na mtafiti wa nchi nyingine, haifai kuamua kama mtoto wa kitanda cha 3 alimwambukiza wa kitanda cha 4. Ukishasoma jenomu nzima namba hiyo unaipata bure.

Ipo pia mashine ya mwanga wa infraredi inayopiga picha ya kemia ya bakteria na kuwapanga kwa makundi ndani ya saa chache. Kwa kuchuja haraka ni nzuri, ila inadai uoteshe vimelea vyote kwa namna moja na muda uleule, na haikuachii data ambayo mwenzako wa hospitali nyingine anaweza kuilinganisha na yake.

PCR ya katriji: jibu zuri kwa swali jingine

Hapa watu huchanganya, na wauzaji hawasaidii kuondoa mchanganyiko. GeneXpert iliyoko kwenye kona ya TB ni mashine ya PCR, yaani inanakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane. Ina katriji nyingine inayotafuta jeni tano za usugu dhidi ya karbapenemu, dawa za akiba kwa bakteria sugu: KPC, NDM, VIM, IMP na OXA-48. Ndani ya saa moja hivi unajua kama kinyesi au kimelea kina jeni hiyo. Ni msaada mkubwa sana unapotaka kuamua usiku huohuo nani atengwe.

Lakini ukiambiwa vichupa vyote sita vina NDM, hujaambiwa ni bakteria mmoja. Jeni ya NDM mara nyingi inasafiri na plasmidi, na plasmidi inaruka kutoka Klebsiella kwenda E. coli bila kuomba ruhusa. Katriji inakuambia mzigo uliobebwa, haikuambii mbebaji ni nani. Kama pesa yako inatosha kitu kimoja tu na mashine tayari ipo, mimi ningenunua katriji hizi kabla ya kitu chochote chenye neno jenomu, ila ningejua wazi ninanunua nini.

Kusoma jenomu nzima

Sasa hiki ndicho kinachosifiwa kila kongamano. Unasoma karibu herufi zote za bakteria, unazilinganisha na za mwenzake, unahesabu herufi zilizobadilika. Bakteria anapogawanyika hukosea kunakili hapa na pale. Makosa hayo hurithiwa. Kwa hiyo wawili waliotengana wiki iliyopita watatofautiana herufi sifuri, moja, mbili. Waliotengana miaka mingi iliyopita watatofautiana mamia au maelfu.

Kisa kinachonishawishi kuliko vyote ni cha mwaka 2011, hospitali ya utafiti ya NIH (taasisi za taifa za afya) huko Bethesda, Marekani. Mwezi Juni alipokelewa mgonjwa kutoka New York akiwa na Klebsiella mwenye KPC. Walijua, wakamtenga, akaruhusiwa katikati ya Julai. Mapema Agosti mgonjwa mwingine, ambaye hakuwahi kulala naye wodi moja, akapatikana na KPC. Je, ni yule wa Juni au ni mgeni? Hapa ndipo jeli inapopofuka: ST258 ndiye aliyekuwa ameenea hospitali za Marekani, na ngazi zake zinafanana hata kwa watu wasiohusiana. Jenomu ilijibu. Ni yule wa Juni, tena alikuwa ametoka kwake kwa njia tatu tofauti, na mpangilio wa wagonjwa kugundulika haukulingana na mpangilio wa kuambukizana, maana yake baadhi walimbeba kimya kimya wiki nyingi. Mdudu huyo alipatikana hata kwenye mashine ya kupumulia iliyokwisha kusafishwa. Wagonjwa 18 walipata, 11 walifariki, 6 kati ya vifo hivyo vikahusishwa na maambukizi yenyewe.

Kisa cha pili kinahusu watoto kama wetu. Wodi ya watoto wachanga huko Cambridge, Uingereza, ilikuwa na wabebaji 12 wa MRSA (Staphylococcus aureus sugu kwa methisilini) ndani ya miezi sita. Timu ilishuku mlipuko lakini haikuweza kuuthibitisha: antibiogramu zilitofautiana, na katikati kulikuwa na vipindi bila mgonjwa hata mmoja. Jenomu iliunganisha wale waliodhaniwa hawahusiani, ikawafuata hadi kwa wazazi na watu wa nje ya hospitali, jumla wakawa 26. Kisha mtoto mpya akapatikana baada ya wodi kusuguliwa yote. Wakawapima wafanyakazi 154. Mmoja alikuwa mbebaji, na jenomu yake ikaingia kwenye ukoo uleule. Akatibiwa. Hapa nasimama kidogo. Kipimo hiki kina uwezo wa kumnyooshea mtu kidole, kwa hiyo kabla hujakusanya swabu za pua za wauguzi, kubalianeni kwa maandishi nani ataona jina na kwamba lengo ni tiba, si barua ya onyo. Bila hivyo mara ya pili hakuna atakayekupa pua yake.

Faida ambayo haitajwi sana ni ya kinyume: jenomu inakataa. Oxfordshire walisoma jenomu za zaidi ya wagonjwa 1,200 wa Clostridium difficile, bakteria wa kuharisha, waliopatikana kati ya 2007 na 2011. Kila mtu aliamini ugonjwa huo unaenezwa na wagonjwa wodini. Ni asilimia 35 tu walioonekana kuhusiana na mgonjwa aliyetangulia. Asilimia 45 walikuwa tofauti kabisa na wote waliotangulia. Kilifi, Kenya, nako, watafiti walipozisoma Klebsiella za damu zilizohifadhiwa kati ya 2001 na 2011 walikuta koo nyingi mno. Kwa vichupa vyetu sita, kusikia "hawa wanne ni ndugu, hawa wawili achana nao" kunakuokolea wiki nzima ya kumtafuta mchawi asiyekuwepo.

Onyo kuhusu kuhesabu herufi: hakuna namba moja kwa wadudu wote. Kwa C. difficile wanaangalia tofauti 0 hadi 2. Kwa TB, hadi 5 huhesabiwa maambukizi ya karibuni, na zaidi ya 12 kwa kawaida hukataliwa. Kwa Klebsiella wa hospitalini utafiti mkubwa wa Ulaya ulitumia mpaka wa 21. Anayekuambia "chini ya 20 ni mlipuko" bila kuuliza bakteria gani na muda gani umepita, mwombe arudi na daftari la wodi.

Illumina au nanopore?

Mashine za Illumina husoma vipande vifupi, herufi 150 hadi 300 kila kimoja, kwa usahihi mkubwa. Kwa kuhesabu tofauti moja moja bado ndizo ninazoziamini zaidi. Tatizo ni mbili. Kwanza, zinapenda kupakiwa kama daladala: ukiweka vimelea sita peke yao unalipa nauli ya basi zima, kwa hiyo maabara inasubiri ifike 20 au 24, na wodi yako inasubiri nayo. Vitendanishi kwa kimelea kimoja hucheza kati ya makumi ya dola na zaidi ya dola 100 kutegemea kiti kimejaa au la. Pili, vipande vifupi haviunganishi plasmidi vizuri. Utajua NDM ipo. Hutajua kwa uhakika imekaa kwenye plasmidi gani.

Nanopore inasoma vipande virefu, maelfu ya herufi kwa mkupuo, kwa hiyo plasmidi nzima inatoka imefungwa duara. Kama shaka yako ni kwamba plasmidi moja inaruka kati ya Klebsiella, E. coli na Enterobacter kwenye sinki moja, hii ndiyo mashine. MinION, mashine ndogo ya nanopore, inaenea kiganjani, inachomekwa kwenye kompyuta ya mkononi, na unaweza kuanza na vimelea sita leo bila kusubiri abiria. Ndiyo iliyobebwa kwenye masanduku ya safari kwenda Guinea mwaka 2015 kusoma virusi vya Ebola wakati mlipuko ukiendelea, sampuli 142.

Usidanganyike na udogo wake, hata hivyo. Seli zake za kusomea zinakaa kwenye friji, zina tarehe ya kuharibika, na zikikaa bandarini au uwanja wa ndege wiki mbili kwenye joto umenunua plastiki. Makosa yake ya kusoma yamepungua sana kwa kemia za karibuni, lakini kwa baadhi ya koo za Klebsiella alama za kimethili (alama za kemikali ambazo bakteria hujiwekea) kwenye DNA bado zinaipotosha, ikaonyesha tofauti ambazo hazipo. Ndugu wakaonekana wageni. Kama utaitumia kuamua mlipuko, soma kimelea kimoja mara mbili, uone mashine inajitofautisha na yenyewe kwa herufi ngapi.

Kununua au kupeleka?

Mjadala wa mashine gani hufunika swali lililo gumu zaidi: nani atasoma matokeo. Programu za bure zipo. Pathogenwatch unapandisha faili kwenye tovuti na unapata ukoo na mti wa undugu; Kleborate inakupa jeni za usugu za Klebsiella. Lakini faili ni nzito, intaneti ya hospitali inajulikana, na anayejua kutazama mti ule na kusema "tawi hili ni uchafu wa sampuli" kwa kawaida ni mtu mmoja. Akipata kazi kwingine, mashine inafunikwa shuka.

Hospitali ya mkoa isinunue. Ipeleke. KCRI, taasisi ya utafiti ya Moshi, imeshasoma jenomu za MRSA wa hospitali ya rufaa ya hukohuko, Kilifi wana uzoefu wa miaka mingi, na baada ya korona maabara nyingi za taifa Afrika zilibaki na mashine zenye nafasi. Sampuli ikivuka mpaka, utahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli na vibali vyake, kwa hiyo uandaliwe wakati hakuna mlipuko. Na ukiweza, peleka DNA iliyokwisha kutolewa badala ya bakteria hai: haiambukizi, ufungaji wake ni rahisi, na haifi njiani.

Hospitali ya kanda au ya taifa, yenye vimelea 20 au zaidi kila mwezi vinavyostahili kusomwa, umeme wa uhakika na watu wawili (sio mmoja) waliofunzwa, hiyo ndiyo inunue. Ningeanza na nanopore kwa sababu haisubiri kujaa, na kuwa na makubaliano na maabara yenye Illumina kwa kesi zenye utata. Wanaoanza na Illumina kwa sababu wafadhili wameahidi, waulize kwanza mkataba wa matengenezo unaisha lini na fundi anatoka nchi gani.

Hospitali ya wilaya ambayo bado haioteshi damu mara kwa mara haina sababu ya kusoma makala haya hadi hapa. Chupa za kuoteshea damu kwanza. Jenomu inasomwa kutoka kwa bakteria aliyeota. Asipoota hakuna cha kusoma.

Na wakati unasubiri

Hata kila kitu kikienda sawa, kuanzia damu kuingia kwenye chupa hadi mti wa undugu kuonekana ni kama wiki moja. Ukipeleka nje ni wiki kadhaa. Kwa hiyo vichupa vyetu sita haviwezi kuwa kisingizio cha kukaa. Siku ileile ambayo muuguzi kiongozi ameshuka, chukua swabu: bomba la sinki, chupa za maji ya oksijeni, ndani ya incubeta, ndoo na vikombe vya kuchanganyia maziwa, chupa za dawa zinazochomwa mara nyingi. Tenga watoto wenye mdudu na wahudumiwe na zamu yao. Wauguzi hawahitaji jenomu kunawa mikono.

Kisha hifadhi kila kimelea, cha mtoto na cha sinki, kwenye gliseroli ndani ya friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kila kimoja kwenye vichupa viwili. Andika moja kwa moja juu ya plastiki kwa kalamu isiyofutika kwa spiriti. Nimewahi kufungua sanduku nikakuta lebo za karatasi zimebanduka zote, zimelala chini kwenye barafu kama majani, na vichupa 40 visivyo na jina juu yake.

"Sasa kaka," Sista anauliza, "hawa wa kwanza wawili wa mwezi uliopita, mliwatupa?"

Kama hukuwatupa, una vichupa vinane vya kusoma badala ya sita.